Usiku Basi Lilipopitiliza Shimizuzawa

Sendai, katikati ya Desemba

Mwanangu mpendwa Chizuru,

Pokea salamu zangu na za mama yako. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba baridi ya Kanazawa haijakurudishia kile kikohozi chako. Huku kwetu theluji imeanguka mara moja tu, ikayeyuka kabla ya mchana. Mimi ni kama unavyojua: moyo umechoka na miguu imevimba, lakini kichwa kinafanya kazi na uji naumaliza. Daktari Ogasawara anasema nikijitahidi nitayaona maua ya mcheri, majira ya kuchipua. Mama yako akamjibu kwamba tangu nimwoe sijawahi kujitahidi kwa lolote isipokuwa kulala mchana. Tulicheka sote watatu, daktari zaidi.

Nakuandikia kwa sababu lipo jambo nimelificha tangu kabla hujazaliwa. Sijamwambia mtu yeyote, hata mama yako. Hakuna aliyeumia kwa ajili yake, na ningeweza kuondoka nalo kimya kimya. Lakini juma lililopita nilisikia mlivyoongea kwenye simu, maana siku hizi mama yako anaifungulia sauti mpaka jirani anaweza kuchangia, na tangu siku ile sijatulia.

Ulimwambia kwamba Nagakura amekuomba mfunge ndoa, kwamba utampa jibu mwaka mpya, na kwamba jibu lenyewe huenda likawa hapana. Mama yako akauliza kwani ana kasoro gani. Ukasema hana. Ni fundi wa lifti, mtu mpole, anakuchekesha, na hata supu yako ya chumvi nyingi anaimaliza. Kosa lake ni kwamba amekiri mwenyewe: mwaka mzima alikuwa akiihamisha saa yake ya chakula cha mchana ili akukute kwenye mgahawa ule wa tambi, na wewe ulidhani mnakutana kwa bahati. Ukasema, “Mama, mtu amenipanga kama ratiba ya kukagua lifti! Ninyi mlikutana kwa bahati tupu. Na mimi nangoja yangu.” Mama yako akafurahi, akaanza kukusimulia upya habari za basi, kana kwamba hujawahi kuzisikia.

Unazijua kama anavyozisimulia yeye. Amezisimulia kwenye harusi ya binamu yako Daigo, na hospitalini, kwa muuguzi aliyekuja kunipima presha. Nami kila mara nimekaa pembeni nikitikisa kichwa. Leo naomba unisikilize mimi, kwa mara ya kwanza.

Wakati ule nilikuwa nafundisha kemia katika shule ya jioni. Wanafunzi wangu walitoka viwandani na nguo za kazi, wakasoma, wakaondoka, nami nikabaki kuosha chupa za maabara, kwa hiyo nilikuwa mtu wa basi la mwisho. Basi lile lilikuwa na taa nyekundu kuzunguka jina la linakokwenda, alama kwamba nyuma yake hakuna jingine, na ukiiona kwa mbali pale stesheni miguu inakimbia yenyewe hata kama umechoka vipi. Ndani tulikuwa walewale kila usiku: wafanyakazi wa ofisini wanaonuka pombe, wapishi, mzee mmoja mlinzi aliyelala kabla ya mlango kufungwa na kuamka kwenye kituo chake bila kukosea. Na mama yako. Alikuwa akiuza tiketi katika jumba la sinema karibu na stesheni. Mimi na yeye tulishuka kituo kimoja, Shimizuzawa, nusu ya kilima. Tangu majira ya kuchipua mpaka mwisho wa mwaka hatukusemezana neno. Tuliinamishiana vichwa tukishuka, yeye akaenda kulia na mimi kushoto.

Kitufe cha kushukia alikuwa akibonyeza yeye. Sauti ikitangaza tu Shimizuzawa, kengele inalia, mimi sijagusa kitu. Unajua tulivyo watu wa huku: wanane wanashuka kituo kimoja, na kila mmoja anasikilizia mwenzake abonyeze, asije akaonekana ana haraka kuliko wengine. Nimewahi kuona basi zima likipitishwa kituo namna hiyo, na watu wazima wakitazamana kama watoto waliovunja kioo.

Usiku unaoujua wewe, mama yako alikuwa ameshinda chungu cha udongo katika bahati nasibu ya mwisho wa mwaka, ile ya mtaa wa maduka. Alikuwa amekifunga kwa kitambaa, amekipakata kama mtoto. Kiti chake cha kila siku, nyuma ya dereva, kilikuwa kimekaliwa na mlevi mmoja, akaja kukaa upande wa pili wa njia, sambamba na mimi. Watu wakapungua kituo baada ya kituo, hata mlevi akashuka, tukabaki wawili. Sauti ikatangaza Shimizuzawa. Kengele haikulia. Basi likapita.

Hapa ndipo mama yako hupenda kupaza sauti: “Mimi mikono imejaa chungu, nikajua mwalimu atabonyeza. Mwalimu naye anajua nitabonyeza mimi kama kila siku. Tukaheshimiana mpaka tukapitwa na nyumba zetu!” Na watu hucheka, na mimi huinamisha kichwa.

Tulifikishwa mwisho wa safari, Tsukigaoka, juu kabisa. Dereva alikuwa mzee Kumagai, mtu wa maneno mengi, ambaye ukipanda tu alikwambia pole kwa kazi. Akageuka akatuuliza kulikoni. Akasema kila usiku anasimama Shimizuzawa kwa ajili yetu, leo hakusikia kengele na pale kituoni hapakuwa na mtu, akadhani tumehama. “Tena wote wawili kwa pamoja!” akasema, akimtazama mama yako kisha mimi, na mama yako akawa mwekundu kuliko taa ya basi. Kuturudisha hakuweza, maana basi tupu lilikuwa likienda kulala gereji upande wa pili wa kilima. Akatuomba radhi, akavua kofia, akaondoka.

Tukateremka kwa miguu, chungu nimekibeba mimi. Mama yako aliniuliza nafundisha nini. Nikasema kemia. Akasema, “Ndiyo maana,” na mpaka leo sijui alikuwa na maana gani. Njiani, tulipolipita bwawa la kilimani, tulikuta mashine ya vinywaji, tukanunua kahawa ya moto ya kopo, tukaishika kwa muda mrefu kabla ya kuinywa. Akaniambia kwamba akishafunga dirisha la tiketi huruhusiwa kusimama nyuma ya ukumbi, kwa hiyo ameona miisho ya filamu nyingi mno na mwanzo wa filamu hata moja haujui. Akanisimulia mwisho mmoja, mwanamke anaacha mwavuli kwenye jukwaa la treni na kuondoka bila kugeuka, akanitaka nimtungie mwanzo wake. Nikajaribu. Akasema mwanzo wangu ni mbaya sana, nijaribu tena kesho. Ndipo nilipojua kwamba kesho ipo.

Sasa nikwambie, Chizuru. Usiku ule sikungoja mtu abonyeze. Wala sikuwa nimesinzia au kusahau. Kitufe kilikuwa karibu na mkono wangu, na kidole changu kilikuwa juu yake tangu sauti ilipotangaza kituo. Niliona mwanga wa duka la mchele, nikaona ukuta wa shule ya chekechea, nikaona bango la kituo chetu likija, na sikubonyeza. Tangu msimu wa mvua nilikuwa natafuta neno la kumwambia mama yako, na mwalimu mzima nilikuwa silipati. Nilichopata ni kunyamaza kwa kidole.

Basi ile bahati unayoingoja, mimi baba yako niliitengeneza kwa mkono wangu. Nagakura ameihamisha saa yake ya chakula. Mimi nimempandisha mwanamke kilima na chungu mapajani, usiku wa Desemba. Tena yeye amekwambia kabla hujamjibu, na mimi nimekaa kimya mpaka moyo umeanza kuchoka. Kati yetu wawili, muungwana ni yeye.

Sikuamulii. Kama humpendi, mwambie humpendi, na mimi na mama yako tutakuwa upande wako. Lakini usimkatae kwa sababu alitaka kukuona. Mimi nilitaka kumwona mama yako, na kwa kutaka huko nimeishi vizuri. Nikilala usiku sina ninalolijutia, isipokuwa ile pikipiki niliyoiuza.

Mama yako anakusalimu sana. Sasa hivi yuko jikoni, anachemsha figili na mayai katika chungu kilekile. Nasikia kifuniko kikigonga, kile chenye ufa ulioutia wewe ukiwa darasa la pili ukasema ni paka. Msalimie Nagakura kama unaona inafaa. Vaa soksi nzito. Barua hii nitampa yule dada anayekuja kuniogesha aitumbukize posta njiani, ili mama yako asiisome kwanza, maana limebaki moja, nalo linamhusu yeye. Ukitaka, muulize nikiwa bado nipo. Nadhani atakana, na akikana nitamwamini.

Usiku madirisha ya basi huwa kioo. Nilipokuwa nimeshikilia kile kitufe niliinua macho, nikamwona mama yako kwenye dirisha. Hakuwa akitazama chungu, wala nje. Alikuwa akikitazama kidole changu. Juu ya bega lake palikuwa na kitufe kingine. Aliunyanyua mkono wake kutoka kwenye chungu, ukafika karibu na kile kitufe, na bango la Shimizuzawa likaja. Kisha akaurudisha mkono juu ya chungu, taratibu, akaangalia mbele.

Baba yako,
Seigo