Moto wa Mwezi wa Tano

Camp ya Mutoshi, Kolwezi
Tarehe 18 mwezi wa tatu 1984

Mupendwa mudogo wangu Ntumba,

Jambo mingi kwako, kwa bwana yako Badibanga na kwa batoto bote. Munaamka namna gani kule Mwene-Ditu? Na mugongo wako, umepona, ao ungali unainuka asubui ukishika ukuta? Mi niko muzima. Magoti inalia kidogo nikipanda kilima, lakini ninakula, ninalala, na ku misa ninafika mbele ya bengine. Tumushukuru Mungu.

Ninakuandikia mu Swahili yetu ya camp, sawa vile tulikuwa tunasema tukiwa batoto, juu bwana yako asielewe yote. Akiuliza, umutafsirie paka kile tu unataka.

Barua yako ilifika. Ulisema bintu mbili: nikuye kuishi kwenu, na mbona koli ya kila mwaka, kile kifurushi ninakutumia, haiyafika. Nianze na ya koli. Usiende kuingojea ku gare ya treni. Mwaka huu haitakuya. Sikukusahau hata siku moja, lakini badudu ba ku miti, ba kukausha na kula, hakuna, na bowa, ule uyoga unapenda kupika na karanga haiko. Hakuna kintu cha kuweka ndani.

Unakumbuka ile pori nyuma ya camp, kule mutelemuko unashuka ku mai. Mwezi wa tano wa kila mwaka marehemu bwana yangu Ngeleka na miye tulikuwa tunaichoma, wakati majani ingali mbichi nusu. Moto inatembea chini-chini, haifike ku bichwa bya miti, na moto mukubwa ya mwezi wa tisa ikitoka mbali inakuta hakuna cha kula, inageuka. Njo kile kilikuwa kinalinda pori yetu. Na kazi ile inaomba bantu babili. Mumoja anatembea na moto, mwengine anafuata na tawi mbichi, anapiga kila mahali moto inataka kutoroka. Ngeleka alishika moto, mi nilishika tawi. Alikuwa anasema ninapiga sawa muntu anaua nyoka. Tuligombana pale myaka yote, kiisha tunakaa chini tunakula mihogo.

Mwaka jana, nyuma ya matanga yake ile ulikuya kunisaidia, mvula ilikatika mbio. Zamani tulikuwa na mwezi muzima wa kuchagua asubui moja bila upepo. Sasa jua inakausha majani yote mara moja, na siku za kuchoma ni kidogo sana. Nilienda kwa jirani Kisimba, ule anatengeneza mashini ku mine, kwabo ni kaskazini. Ni muntu muzuri, njo anayeniletea mai na kinga, ile baiskeli yake. Akaitika. Kesho, mama. Kiisha akapangwa kazi ya usiku, kiisha mutoto wake akagonjwa. Asubui moja nikaenda mwenyewe, na kiberiti na tawi. Nilisimama pale mpaka jua ikapanda, kiisha nikarudi ku nyumba. Ntumba, siku ya maziko watu walilia karibu yangu na sikuelewa kitu. Siku ile njo nilijua Ngeleka amekufa.

Mwezi wa tisa nilienda Kasaji kumuona shangazi Mianda. Kurudi, nikaona mutelemuko wote ni mweusi. Kisimba alikuwa ananingojea ku mulango, majivu ku nyusi, anacheka.

— Mama, kazi yako nimeimaliza. Ile siku nilikuangusha, nilisikia haya. Nimeichoma yote.

Kwabo banachoma wakati majani imekauka, hakuna anayehesabu mwezi. Majani yetu ilikuwa inafika ku kifua, na upepo wa mwezi wa tisa unaujua. Miti ilikuwa ndiyo inatoa majani mapya. Nikasema aksanti, nikachinja kuku, nikasonga bukari ya unga. Alikula vizuri, na bibi yake akanichekea kwa furaha.

Mvula ikakawia sana, kiisha ikaanguka na nguvu, ikabeba majivu yote. Nikaenda kuona. Miti ya mpundu, zile mbili kubwa, zimekauka. Miti ya badudu ilitoa majani kidogo tu, na badudu hawakukuya. Ku bubichi, pale chini udongo una mai, kule tulikuwa tunachimba mizizi ya kikanda na mama, sikuona hata ua moja. Paka muti wa mubanga tu inasimama, ile inajua kuvumilia. Kila mahali pengine ni majani ile moja, marefu, manene. Nilipita nikitaja majina ya bile bilikuwa pale, sawa mwalimu anaita batoto asubui, na hakuna wa kuitika. Nililia. Hapa sikuambia muntu.

Lakini miti ya masuku inatoa miche ku mizizi, inafika ku goti yangu. Majani ile marefu ikibaki mpaka mwezi wa tisa, moto ya pili itaimaliza, na haitarudi tena.

Sasa ile ya kuishi kwenu. Aksanti, mudogo wangu, na kwa kitanda umenitengenezea. Unajua batoto hatukupata. Jioni hapa ni ndefu. Ninapika bukari ya babili mpaka lelo, ile inabaki ninaipeleka kwa Kisimba. Ninatamani kukuya. Lakini mwezi wa tano nisipokuwa hapa, pori ile imekwisha.

Kwa hiyo kuya weye. Juma moja tu, Badibanga hatakufa na njaa. Mi nitashika moto, weye utashika tawi.

Utaniuliza, mbona nisimuombe tena Kisimba? Nikimuomba nitapashwa kumufundisha, na nikimufundisha atajua kile alifanya. Analeta mai yangu kila siku akiimba. Ukiona haiwezekane, niandikie mbio, mbele ya mwezi wa tano, juu nipate siku za kutafuta maneno ya kumuambia.

Nisalimie Badibanga, mama mukwe wako Ndaya, na Odile aliyekuwa jirani yetu. Mungu akulalishe salama, na mugongo wako aupumzishe.

Miye yaya wako, dada yako mukubwa, anayekupenda na kukungojea,

Tshiela