Jeep imejifunza kula kidogo, mi nimekuwa mwizi

Kolwezi, mtaa wa Dilala. Jumapili, mwezi wa kumi, saa nane mchana. Jua linachoma, vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye kikopo cha sukari, na mvua bado inatuzungusha.

Nimechoka. Mke wangu Odette anasema ni barabara ya Mutshatsha, na mi namwacha aseme hivyo. Barabara ile naipita mwaka wa sita sasa, inachosha mgongo tu. Kilichonichosha wiki hii ni kingine, na nisipokiandika leo kitanitoka mdomoni siku moja katikati ya misa.

Kwa wasionijua: mi ni dereva. Shirika letu ni dogo, tunatengeneza pampu za maji vijijini, na mi naendesha jeep ya zamani, ile ya kupita popote, mchanga, matope, hata vijito. Gari nzuri. Ila inakunywa mazutu, dizeli yetu ya huku, wee!

Mwezi uliopita chef wetu, mkuu wa shirika, Tata Anaclet, aliniita ofisini. Alishika karatasi ya hesabu ya mazutu mkononi. Mbele ya sekretari na mafundi wawili wa pampu, akaniuliza: "Tata Ilunga, hii jeep njo inakunywa mazutu, ao kuko mutu anakunywa nayo?"

Wakacheka. Hata mi nilicheka, Mungu anisamehe.

Kila mtu hapa anaelewa swali lile. Wako madereva wanaotembea na mpira mdogo chini ya kiti, wa kunyonya mazutu na kuyauza kando ya barabara. Mi nina makosa yangu, lakini mpira ule sijawahi kuutia mdomoni. Chef akanipa safari tatu. Matumizi yakishuka, sawa. Yasiposhuka, ufunguo unakwenda kwa mwingine, na mi nabaki na jina la mwizi. Na jina la mwizi, Kolwezi hii, linafika nyumbani kabla yako.

Basi nikaanza kuifundisha jeep kula kidogo.

Kabla ya safari ya kwanza nilikwenda kwa fundi mmoja wa magari, mtaa wa Manika. Akatoa filtri ya hewa, akaigonga kwenye jiwe, tukakohoa wote wawili. "Tata, motokari yako iko inapumua bulongo," akasema. Akanijazia upepo kwenye matairi, maana nilizoea kuyaacha malegevu kwa ajili ya mchanga, halafu nakwenda nayo hivyo hivyo mpaka kwenye lami, kwa uvivu tu. Kisha akainama kutazama magurudumu ya mbele, na akanitazama mi kwa huruma.

Krabo zilikuwa zimefungwa. Krabo ni kile kifungo kilicho katikati ya gurudumu la mbele, unakizungusha kwa mkono. Ukikifunga, gurudumu linazungusha vyuma vyote vya mbele, tayari kuvuta kwenye matope. Ukikifungua, gurudumu linazunguka peke yake, jepesi. Mi nilifunga krabo zangu mvua za mwaka jana na sikuzigusa tena. Si mi peke yangu. Madereva wa huku karibu wote tunafanya hivyo, hatutaki kushuka kwenye tope na viatu vyetu, tunasema mvua haipigi hodi. Kumbe kiangazi kizima nilikuwa naburuta chuma cha bure.

Safari ya kwanza matumizi yakashuka kidogo. Safari ya pili nikatoa galeri, ile fremu ya mizigo juu ya paa, nikaacha kushindana na malori ya shaba, nikawa nakanyaga mafuta taratibu kama nakanyaga yai. Tukifika kijijini nazima motor. Zamani niliiacha ikinguruma saa nzima, kwa hofu kwamba ikizimwa haitawaka na watu watatusukuma huku wanatucheka. Ikawaka kila mara. Matumizi yakashuka tena.

Lakini haikutosha, na mi nilijua kwa nini. Nilijua tangu mwanzo.

Ni makala, mkaa wa kupikia.

Huku kwetu gari hairudi bure kutoka porini. Ukienda Mutshatsha, ambako makala ni rahisi, unarudi na makala. Sekretari ana gunia lake, mafundi wana magunia yao, mlinzi wa ofisi analo lake. Mke wa chef, Mama Régine, ana mawili kila safari. Jeep inarudi imekaa chini kwa nyuma, inapanda kilima kwa gia ya pili, inalia. Hakuna aliyewahi kuona vibaya. Na mi niseme ukweli wote: nilipenda. Nikifika, watu wanatoka nje, "Tata Ilunga, aksanti sana, Mungu akubariki." Nilipenda kuwa mtu anayerudi na kitu. Mazutu ya watu yakaenda hivyo, jikoni kwa kila mmoja wetu. Siku hizi najiuliza kama na huo si wizi, ila ni wizi wa kushukuriwa.

Safari ya tatu ilikuwa Alhamisi. Nikawaambia wote: leo sibebi hata mkaa mmoja. Wakanuna.

Mama mukwe anakaa Mutshatsha, karibu na reli. Sikumtumia habari. Nilisema moyoni nitapita haraka. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda kando ya barabara, kitambaa kipya kichwani, gunia la mihogo mikavu mbele yake na kuku wawili wamefungwa miguu. Kumbe alisikia kwa watu kwamba napita, alikuwa ananingoja tangu asubuhi. Mzigo wa Odette na watoto.

Kwetu, mtu hamwambii mama mkwe hapana. Hata kumtazama machoni hatumtazami. Mi nilisimama mbele yake, nikatazama viatu vyangu, nikamwambia gari hairuhusiwi kubeba kitu.

Akainua shingo, akatazama ndani ya jeep. Viti, hakuna kingine.

"Gari iko bule, mukwe," akasema.

Nilipanda nikaondoka taratibu, kwa sababu ukiondoka kwa nguvu unapoteza mazutu. Ndiyo, hata pale nilikumbuka hilo. Naona haya kuliandika.

Ijumaa tukapima. Lita kumi na moja kwa kilometa mia, wakati mwezi uliopita tulikuwa kumi na saba. Nikampelekea chef karatasi kwa mikono miwili. Nilingoja aseme neno zuri, nakiri. Nilikuwa nimevaa hata shati la Jumapili.

Akasoma. Akaita sekretari aje aone.

"Njo bile! Kumbe inawezekana," akasema. "Sasa uniambie, Tata Ilunga. Ile ingine yote ilikuwa inaenda wapi?"

Jamani.

Nilifanya kazi wiki tatu nzima kujitetea, na kazi yenyewe ikawa ushahidi dhidi yangu. Kama jeep inaweza kula kumi na moja, basi zile sita mi nilizinywa. Ndivyo alivyohesabu. Sekretari alitazama dirishani. Yeye ambaye gunia lake nimelishusha kwa mabega yangu sijui mara ngapi! Na mi ningesema nini? "Chef, zilipikia bukari yako, ugali wako wa kila jioni"? Mbele ya watu, nimtaje mke wake? Nilisema "ndiyo, chef", nikatoka.

Ndiyo, chef. Neno la kijinga kuliko yote niliyowahi kusema.

Tena mvua zikianza, itabidi nifunge krabo, tope litashika magurudumu, na hesabu itapanda tu, hata nikiendesha kwa maombi. Watasema Ilunga amerudia mpira wake.

Jana usiku sikulala vizuri. Leo baada ya misa Odette aliongea na mama yake kwa simu, mi nikajifanya natafuta soksi. Mama mukwe hakumwambia kitu. Alisema tu mihogo haikukauka vizuri, atatuma siku nyingine. Yule mama alidanganya ili kunifichia aibu yangu. Hapo ndipo nilipokaa kitandani na machozi yakanitoka, mtu mzima. Odette akaniona, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Na weye, utabeba aibu ya batu bote mupaka lini?"

Kabla sijafuta uso, simu ikalia. Ujumbe wa Mama Régine, mke wa chef.

"Tata Ilunga, jambo. Kesho iko Mutshatsha, hapana? Usisahabu gunia yangu mbili ya makala. Ile ya mbele ilikuwa muzuri sana."

Nilisoma mara tatu. Nikampa Odette naye asome. Akapiga makofi, akamwita Mungu, "Eee, Maweja!", akarudi jikoni.

Sijui nguvu ilitoka wapi. Labda uchovu ukizidi unafanana na ujasiri. Nikaandika:

"Mama, jambo. Makala itakuya. Lakini umuombe Tata Anaclet akuye naye mu jeep kesho. Tutapakia pamoja, halafu tutapima mazutu pamoja."

Nikatuma kabla moyo haujageuka.

Amesoma. Ni saa nzima sasa, hajajibu. Odette ananiambia niweke simu chini nile, bukari inapoa.

Kama chef atakuja, tutaanzia kwa mama mukwe, nitapiga magoti kwenye vumbi mbele yake, na chef aone pia. Kama hatakuja, huenda nitakuta ufunguo umepewa mwingine, na Mutshatsha nitakwenda kwa treni kuomba msamaha.

Kesho asubuhi nitajua kama bado mi ni dereva. Kuwa mwizi, hilo nimelikataa leo.