Jiwe Lisilo na Kwao

Mjukuu wangu Neema,

Huku Majimoto tupo. Mpunga mwaka huu umekubali, na bibi yako anakusalimu ingawa goti bado linamsumbua.

Unauliza kwa nini mwalimu wako huko Lindi amelikataa lile jiwe zuri la konokono wa bahari ya kale aliyegeuka jiwe, kisa tu hukuandika ulipoliokota. Hata mimi nilifanya kosa hilo, hukohuko, nikiwa kijana.

Mimi na kaka yangu Kalisto tulikuwa vibarua wa wataalamu wa mawe. Siku moja niliona jiwe kama hilo lako korongoni, kubwa kama tairi la gari. Kwa furaha nikaling'oa, nikalibingirisha hadi kambini. Mtaalamu akahesabu mikunjo ya mgongoni, akalitaja jina, kisha akauliza nimelitoa wapi. Nikanyoosha mkono kuonyesha vilima vyote. Akaliweka pembeni.

"Jina tunalijua," alisema, "kwao hatukujui."

Kalisto alicheka sana. Jioni akanichongea vigingi vya mti. "Mdogo wangu, kabla hujainua kitu, chomeka kimoja mahali pake."

Baadaye Kalisto aliugua, akafia hukohuko. Tulimzika haraka kwa sababu kambi ilikuwa inahama. Vigingi vyake nilikuwa navyo kwenye mkoba, na sikuchomeka hata kimoja.

Usimnunie mwalimu wako. Watoto wa Kalisto huwa wananiuliza baba yao amelala wapi, na mimi nanyoosha mkono tu kuelekea mashariki.

Babu yako