Kilichoibandua Vanishi ya Mlango Wetu

Ndia Kuu, Mombasa

Kwako kaka yangu Yazid, huko Maskati,

Asalaam aleikum. Sote wazima, paka wa Mama kazaa tena, na kwa kuwa simu zetu hupokei, soma karatasi hii mpaka mwisho.

Kaka, nimejua kwa nini vanishi uliyoupaka mlango wetu ilibanduka! Nilichukua kibanzi cha ubao wake nikakipeleka maabara ya chuo. Hadubini yetu mpya haitumii mwanga. Ina sindano yenye ncha nyembamba kuliko unywele mara maelfu. Inaupapasa ubao kama kidole cha kipofu, na kompyuta inachora kila inachogusa. Ikachora nyuzi za msaji, na juu yake utando wa mafuta, umejipenyeza kila mahali! Nilipiga ukelele, mwenzangu Beryl akaja mbio akidhani nimeungua.

Vanishi haishiki penye mafuta, Kaka. Hukununua bandia, wala hukulipua kazi, kama alivyokushutumu Baba mbele ya majirani. Na mafuta yale ya simsim, ni nani aliyeupaka mlango kila mkesha wa Idi, miaka thelathini, kwa mkono wake mwenyewe?

Nilimwonyesha Baba picha. Akaitazama sana, akaingia ndani. Leo asubuhi nimemkuta na msasa, ameshausugua upande mmoja wa mlango ukatakata. Wa pili hakuugusa.

"Na huu, Baba?" nikamuuliza.

"Huo mwachie Yazid."

Nduguyo akungojaye mlangoni,
Shahd