Nafasi ya Gitaa

Matinyani, Jumamosi, Oktoba.

Jua limewaka tangu asubuhi kama lina hasira na mtu. Upepo unatuletea vumbi la shamba letu wenyewe, lile tulilolima mapema tukingoja mvua. Mawingu yalikuja, yakasimama upande wa Mutonguni, yakaenda zao.

Nimekaa jikoni nyuma ya mlango, mahali ambapo Mama hatanikuta nikilia. Mikono yangu inanuka uji wa wimbi.

Naogopa. Wacha niandike hivyo kwanza, mengine yafuate.

Mnaosoma hapa mnajua Baba alipata kiharusi mwezi wa nane. Upande wa kulia umelala na maneno yamemtoka. Hayo tulikuwa tumeanza kuyazoea. Kinachonitetemesha sasa ni kwamba amefunga mdomo. Daktari wa kliniki alimpima koo akasema ni zima, anaweza kumeza, ni yeye tu hataki. Akasema tukirudi Jumatatu na bado anapungua hivi, watamlaza tena na kumwekea mpira wa kupitishia chakula puani. Baba alisikia yote. Hakumtazama daktari. Alinitazama mimi.

Kitu kimoja tu kimekuwa kikimfungua mdomo, nacho ni kanda ya kaseti ya zamani.

Inaitwa Mvua ya Upande Mmoja. Waliorekodi ni vijana wanne wa Makueni, wakati Baba hajaoa. Nataka kuieleza vizuri, kwa sababu sijawahi kuona mtu akiiandikia hata mstari mmoja. Watu wa huku siku hizo walitaka benga, gitaa linalokimbia, kitu cha kutimua vumbi harusini. Hawa wakaja na ngoma nzito za polepole, gitaa la umeme linalokwaruza, nyimbo za pop na roki kwa Kiswahili cha kwetu, kile chenye Kikamba ndani yake. Haikuuzwa. Hata jalada lake lilichapwa rangi moja, bluu iliyokwajuka.

Lakini mtunzi wa nyimbo zile alijua kunyamaza. Wimbo wa kwanza unaanza hivi:

Nimesikia mvua kwa jirani,
nikatoa ndoo nje...

Basi. Hasemi kama ilinyesha. Sauti inaacha, gitaa linaingia na kuumaliza mstari kwa noti zinazoshuka taratibu, na kila aliyekulia huku anajua ile ndoo ilibaki kavu. Mtunzi mwingine angeongeza beti nzima za kulia. Huyu anakuachia ndoo mlangoni.

Kuna wimbo mwingine, wa mwanamume aliyeachwa. Anaimba, "Nimenunua suti ya harusi yako," na gitaa linachukua. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni wimbo wa furaha. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba bwana harusi ni mtu mwingine, na kwamba hakuna mahali popote kwenye wimbo ambapo amesema hivyo.

Baba alikuwa fundi cherehani sokoni Matinyani. Alishona akiisikiliza kanda hiyo mpaka mguu wake ukaishika. Sauti ikiimba, anakanyaga. Gitaa likiingia, anasimamisha mguu na kukata uzi. Shangazi Kalunde, dada yake, humtania kwamba alioa kanda kwanza, Mama akaja kuwa mke wa pili.

Alipogoma kula, Mama alianza na nyimbo za kanisa, kwa imani na kwa machozi. Sizidharau nyimbo hizo. Ila kwaya hujaza kila mahali, haiachi hata upenyo, na Baba aligeukia ukuta. Nikaleta redio ya kaseti. Wimbo wa kwanza ulipofika kwenye ndoo na gitaa likaingia, mdomo ukafunguka. Tangu siku hiyo tumemlisha hivyo. Nafasi ya gitaa ndiyo nafasi ya kijiko.

Mpaka leo.

Asubuhi sauti ilianza kuvuta, ishara kwamba mawe ya redio, yaani betri, yamechoka. Waya wa stima wa redio hiyo uliungua zamani. Nilikuwa natoka kwenda kununua maziwa, nikamwomba Shangazi aanike mawe juani, kama tunavyofanya nyumbani kwetu siku zote, yapate nguvu kidogo kabla ya chakula cha mchana. Shangazi akahofia kuku watayatawanya akiyaweka chini. Akaichukua redio nzima, mawe ndani, kanda ndani, akaiweka juu ya mabati ya banda la kuku. Kwa jua hili.

Niliporudi kanda ilikuwa imepinda kama chapati iliyosahauliwa kwenye moto. Nilingoja ipoe, nikaingiza kalamu tunduni nikazungusha polepole. Utepe ulitoka umekunjamana. Nilipoirudisha redioni ilinguruma mara moja, ikanyamaza.

"Wewe ulisema nianike," Shangazi alisema. "Nimeanika."

Kisha akajifunika uso na leso, na sikuweza kumkasirikia.

Mimi ni karani. Ofisini Kitui hakuna karatasi inayopita mezani kwangu bila kutolewa nakala, wenzangu hunicheka kwa hilo. Kanda hii nilipanga kuirekodi kwa simu wikendi hii.

Nilitafuta kwenye mtandao. Hakuna. Nikampigia mzee mmoja wa mji wa Wote anayehamisha nyimbo za kanda kwenda kwenye flashi. Akacheka kwa huruma, akasema hiyo hata yeye hajaiona miaka mingi. Watu walitaka kucheza, akasema, na wale vijana waliwataka wafikiri.

Mchana uji ukaiva. Baba akafunga mdomo. Mama alishika kijiko mpaka uji ukafanya utando juu, kisha akaniita kwa jina na kuniambia jambo ambalo sikutarajia kulisikia kwake, yeye ambaye muziki huo hajawahi kuuita chochote ila kelele za dunia.

"Mwende, imba wewe."

Nikasema siwezi.

"Si umeijua tangu ukiwa tumboni? Imba, mwanangu."

Sauti yangu haitoshi hata dirishani pa ofisi. Watu huinama na kuweka mkono sikioni, wengine huniuliza kama nimekula. Sikuwahi kuimba mbele ya mtu. Nilianza nikiangalia sakafu. Nimesikia mvua kwa jirani, nikatoa ndoo nje. Na hapo, kwa hofu, nikaendelea. Nikaiga gitaa kwa pua, nikakimbilia mstari wa pili, wa tatu, bila kupumua, ili pasiwe na kimya ambacho watanisikia nikitetemeka ndani yake.

Baba alifumba macho. Mdomo haukufunguka.

Nikarudia, kwa sauti zaidi. Vilevile.

Ndipo nilipojisikia. Nilikuwa najaza kila mahali. Miaka yote nimesifu kunyamaza kwa yule mtunzi, na kumbe mimi mwenyewe sijawahi kuweza kukaa ndani yake hata kidogo.

Nikaanza upya, polepole. Nikatoa ndoo nje. Nikaacha.

Kimya kile kilikuwa kibaya. Kuku walisikika, na mtu akiteka maji kwa jirani. Shangazi alitaka kusema kitu, Mama akamshika mkono. Mimi niliuma ulimi ili usiendelee.

Chini ya blanketi mguu wa kushoto wa Baba, ule mzima, ulikuwa ukikanyaga. Ukasimama. Mdomo ukafunguka.

Mama akaweka kijiko. Baba akameza.

Tulikwenda hivyo, mstari na kijiko, mstari na kijiko, mpaka kwenye wimbo wa suti. Hapo akachoka, akageuza uso. Nusu kikombe kilibaki. Mama alikiangalia, kisha akanishukuru kana kwamba kilikuwa kimekwisha.

Alichokula hakitoshi. Ninajua hakitoshi, na daktari atajua atakapompima. Na kuna jambo ambalo sijamwambia Mama. Upande wa pili wa kanda siukumbuki wote. Wimbo wa mwisho nina kiitikio tu, na ule wa lango la miti umenipotea kuanzia katikati, na hakuna tena mahali pa kwenda kuutafuta. Mwenye maneno hayo amelala chumbani na hawezi kuyasema. Nimekuwa nikinong'ona hapa nyuma ya mlango, nikisubiri mstari unaofuata unijie. Haujaja. Nitawalisha vipi watu wawili, yeye na hofu yangu, kwa nusu ya kanda?

Shangazi ameshaosha sufuria na kuloweka wimbi wa uji wa asubuhi. Nimemsikia akijaribu ule wimbo wa kwanza peke yake, kwa sauti ya chini. Amekosea maneno, lakini pale pa gitaa ameacha.

Kesho, kabla jua halijapanda, nitatoa ndoo nje.