Mama wa Dirishani

Shoga, uko wapi? Nimejifungia chooni hapa kwenye maonyesho ya picha.

Unaikumbuka ile picha yangu ya mtaa wa bondeni? Ile niliyoiongezea maji kwa kompyuta hadi madirishani, watu waone mabadiliko ya tabianchi yanatupeleka wapi.

Basi amekuja dada mmoja, akasimama mbele yake muda mrefu. Kisha akaniita. "Mdogo wangu, huyu ni mama yangu."

Nikamwambia mle hamna mtu. Akaweka kidole kwenye dirisha la tatu.

Shoga, yupo! Bibi wa watu ameketi gizani nyuma ya nondo, anaitazama kamera. Wiki tatu nimeihangaikia picha hiyo, sikumwona. Maji nimeyafikisha shingoni mwake kwa mkono wangu mwenyewe.

Machozi yakanitoka. Nikamwomba radhi, nikasema naishusha sasa hivi.

"Iache," akasema. "Ila mama hatembei. Nina swali moja tu."

Akatoa simu, akafungua kalenda.

"Haya maji yanafika lini, nijue siku ya kumhamisha?"

Hakuwa anatania, shoga. Bado ananisubiri pale nje. Nimwambie nini?