Ua la Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimejua kwa nini ua la mama mkwe linanata. Vidudu! Vyeupe, vimejibanza kwenye vikonyo kama vipande vya pamba. Mama mwenyewe haoni tangu mwaka jana, na ua hilo ndilo kitu pekee alichokuja nacho kwetu, ukiacha nguo. Kila asubuhi analipapasa jani moja moja, analisalimia. Leo kaniambia, "Mwanangu, linatoa asali. Limeshapazoea hapa." Nikaitikia, "Ndiyo, mama." Ningesema nini?

Alhamisi, 7 Machi
Muuza maua wa kona anasema hivyo ni vidung'ata. Futa kwa pamba na spiriti, kisha maji ya sabuni. Nimefuta mama alipokuwa anaoga. Mgongo hoi! Alipotoka akanusa tu: "Nani kaumia?" Nikasema nimejikata kidole kwa mkasi. Sasa ananipa pole ya kidole kila saa.

Jumapili, 10 Machi
Vimerudi. Vimehamia hadi kwenye mnanaa wangu wa jikoni. Mume wangu anasema tulitupe, tununue jingine la kufanana nalo, mama hatajua. Hatajua! Mtu anayetambua hatua zangu tangu ngazini! Nikamwambia basi kamwambie wewe, ni mama yako. Akawasha TV.

Jumanne, 12 Machi
Majani saba chini. Nimeyaokota kabla hajaamka, nikayaficha kwenye mfuko wa mabaki ya vitambaa. Dawa ya dukani ina harufu kali, na mama ana pumu. Sina ujanja tena.

Jumatano, 13 Machi
Nimeamua — namwambia leo. Nikaiacha cherehani na gauni la mteja, nikaenda sebuleni. Nikamkuta kainama dirishani, vidole vimetulia pale penye weupe mwingi. Anatabasamu. Tangu aje sijamwona hivi.

"Mwanangu, njoo! Limechanua! Miaka yote hii halijawahi. Shika uone lilivyo laini."

Akaushika mkono wangu, akauweka pale. Nikavisikia vikipondeka.

"Haya niambie, rangi gani?"

Nikasema ngoja nilete miwani, mama.

Niko chumbani. Miwani ninayo usoni. Ananiita tena —